Sura ya Saba: Chokoleti na Njia ya Machweo

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, mji wa Likasi, huko Katanga kusini mwa Kongo, huchemka. Vumbi jekundu hukaa juu ya majani ya miembe, na watu hutembea wakifuata kivuli cha kuta. Siku moja ya namna hiyo niliingia kwenye duka dogo karibu na soko, nikanunua kipande cha chokoleti ya maziwa kilichotengenezwa Afrika Kusini. Nilipokifungua nilikikuta kimepauka. Uso uliopaswa kung'aa ulikuwa na ukungu mweupe, kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga mtoni na hajapakwa mafuta. Nikamwonyesha mama mwenye duka.

"Iko muzuri, papa," alisema bila kusita. "Ni jua tu njo ilimupiga."

Alisema kweli. Weupe ule si uozo wala sumu. Ni mafuta yenyewe ya kakao yaliyopanda juu. Siagi ya kakao ina tabia ambayo mafuta ya mawese au ya karanga hayana kwa kiasi hicho: inapoganda inaweza kujipanga kwa namna sita tofauti, na kati ya hizo ni moja tu, ya tano, inayotupa chokoleti tunayoipenda, yenye kung'aa, inayovunjika kwa mlio, na inayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mdomo wa binadamu. Kiwandani mafundi huipasha, huipoza, kisha huipasha tena kidogo ili ikubali kukaa kwa namna hiyo ya tano. Halafu lori linaondoka kusini, linapita Zambia, linapanga foleni mpakani Kasumbalesa juani. Mchana chokoleti inayeyuka ndani ya boksi, usiku inaganda yenyewe bila fundi wa kuisimamia, na mafuta yanajipanga yanavyotaka. Ikifika Likasi ni ileile kwa utamu, lakini imepoteza mwanga wake, na ulimi unakutana na kitu kinachofanana na mchanga laini.

Nilikaa kwenye kibao nje ya duka nikala kipande changu hivyohivyo. Hapo nilipokaa, mgodi wa Shinkolobwe uko kilomita zipatazo 20, upande jua linakozama. Watu wengi duniani wanaolijua jina hilo wanalijua kwa sababu ya bomu la atomiki. Mimi nilikuja nikifuatilia kitu laini zaidi, na nilishangaa kukuta kwamba njia za vitu hivyo viwili zinapita mahali pamoja.

Nianze na maziwa, kwa sababu bila kuyaelewa huwezi kuelewa kwa nini kipande kile kilichukua miaka mingi kubuniwa.

Yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye kopo la maziwa ya unga anakumbuka wizi mdogo wa utotoni. Unasubiri mama atoke, unachota kijiko kimoja, unakimwaga kwenye kiganja na kulamba. Unga unanata kwenye kaakaa, unageuka kuwa krimu nzito, na kwa dakika nzima huwezi kujibu ukiitwa. Wenye bahati walichanganya na sukari na unga wa kakao, na hiyo ilikuwa chokoleti yetu kabla hatujaiona ya dukani. Lakini kulikuwa na sharti moja ambalo kila mtoto alilijua: kiganja kiwe kikavu. Tone moja la maji likianguka, unga unafanya mabonge, unashikana kama udongo wa mfinyanzi, na starehe inaisha.

Tone hilo la maji ndilo lililomtesa Daniel Peter. Alizaliwa Uswisi mwaka 1836, akaanza maisha kama mtengenezaji wa mishumaa katika mji wa Vevey, kando ya ziwa. Taa za mafuta zilipoanza kuua soko la mishumaa, akageukia biashara ya ukoo wa mkewe, Fanny Cailler, binti wa François-Louis Cailler aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chokoleti nchini humo. Wakati huo chokoleti ya kula ilikuwepo tayari. Mholanzi Van Houten alikuwa amepata haki ya mashine ya kukamua siagi ya kakao mwaka 1828, na kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ilitoa vipande vya kutafuna mwaka 1847. Vilikuwa vyeusi, vichungu, vya kukwaruza ulimi. Uswisi haikuwa na makoloni ya kuvuna kakao, lakini ilikuwa na ng'ombe kila mlima. Ilikuwa lazima mtu afikirie kuviunganisha.

Kufikiria kulikuwa rahisi. Maziwa ni karibu asilimia 87 maji. Chokoleti iliyoyeyuka ni chembe za kakao na sukari zinazoogelea ndani ya mafuta, na mafuta hayapatani na maji. Ukimimina maziwa humo, sukari inayanywa maji, chembe zinagandana, na kitu kilichokuwa kikitiririka kinakuwa ugali mgumu. Ukilazimisha, unapata kipande kinachonuka uvundo baada ya wiki chache, kwa kuwa maji yaliyofungiwa ndani yanaharibu mafuta ya maziwa. Peter alitupa majaribio mengi. Jirani yake pale Vevey alikuwa Henri Nestlé, mtaalamu wa madawa aliyekuwa amebuni unga wa maziwa wa kulisha watoto wachanga mwaka 1867, na elimu ya kukausha maziwa ilikuwa imejaa mjini humo. Kwa maziwa yaliyopunguzwa maji, mwaka 1875 Peter alipata alichokitafuta. Mwanzoni kilikuwa unga wa kuchanganya kwenye kikombe. Kipande kigumu cha kula, alichokiita Gala, neno la Kigiriki lenye maana ya maziwa, kilikamilika miaka kadhaa baadaye.

Sehemu ya mwisho ya ulaini ilitoka kwa Mswisi mwingine, Rodolphe Lindt wa Bern, mwaka 1879. Alijenga kinu kirefu chenye magurudumu ya mawe yaliyokwenda mbele na nyuma juu ya chokoleti ya moto kwa muda mrefu, siku nzima na zaidi. Inasimuliwa kwamba aliacha mashine ikizunguka tangu Ijumaa hadi Jumatatu kwa kusahau. Mimi nadhani mtu mwenye kinu hasahau kinu chake, lakini tokeo halina ubishi: chembe zilisagika mpaka ulimi haukuweza tena kuzihisi, na harufu kali ya siki iliyobaki kwenye kakao ilitoka na mvuke.

Sasa turudi Katanga, maana wakati Peter anahangaika na maziwa yake, kaskazini mwa Likasi ya leo, mwendo wa siku chache kwa mguu, kulikuwa na mji wa Bunkeya uliotawaliwa na Msiri.

Msiri hakuwa mtu wa hapa. Alitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya sasa, kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa misafara, na watu wake wakaitwa Bayeke. Pamoja nao na wafanyabiashara wengine waliotoka mashariki, Kiswahili kilishika njia ya kuingia Katanga, njia ambayo lugha hii tunayoiandika ilisafiria ikiwa imebebana na shaba, chumvi, pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo. Kwanza Msiri aliuza mashariki, kuelekea pwani yetu. Baadaye akafungua mlango wa pili: wafanyabiashara Waovimbundu kutoka Bihé, nyanda za juu za Angola, walifika Bunkeya na bunduki na baruti, wakarudi Benguela kwenye bahari ya Atlantiki na pembe na watumwa. Wasomaji wa Kiswahili tumezoea kuikumbuka njia ya mashariki, ya Ujiji na Tabora na Bagamoyo. Hii ya magharibi tumeisahau. Ni njia ndefu, ya kuelekea machweo, na mwisho wake kulikuwa na shamba la kakao.

Mwaka uleule wa 1875, Ureno ilitoa sheria ya kuondoa utumwa kwenye makoloni yake. Katika kisiwa cha São Tomé, kilicho mbele ya pwani ya Gabon, watumwa waliofunguliwa waliyaacha mashamba. Wenye mashamba hawakuyafunga. Walitafuta watu wengine bara, Angola na ndani zaidi hadi upande wa Kongo, wakawaita jina jipya, vibarua wa mkataba. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Mtu aliyekamatwa mbali kule, akauzwa, akauzwa tena, alifikishwa pwani mbele ya karani, akaulizwa kwa lugha asiyoijua kama amekubali kwenda kufanya kazi, akapewa kibati cha kuvaa shingoni na kupandishwa merikebu. Miaka mitano ilipokwisha mkataba uliandikwa upya. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 karibu hakuna aliyewahi kurudishwa kwao. Na katika miaka hiyohiyo São Tomé ilipanda hadi kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kakao duniani.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs uliotumwa kuiteka Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Njia ya machweo haikufa naye. Mwandishi Mwingereza Henry Nevinson aliifuata mwaka 1904 na 1905, kutoka Benguela kuingia bara, akapita Bihé na kufika sehemu iliyoitwa Nchi ya Njaa. Kando ya njia alikuta pingu za mbao zimetundikwa kwenye matawi ya miti, nyingi, zile ambazo misafara iliwavua watu walipokwisha kufika mbali kiasi cha kutoweza kukimbia. Chini yake alikuta mifupa. Kisha akavuka hadi São Tomé, akaona kakao ikianikwa.

Makala zake zilianza kutoka mwaka 1905. Mwaka huohuo, kule Bournville karibu na Birmingham, kampuni ya Cadbury ilitoa chokoleti yake mpya yenye maziwa mengi kuliko ya Waswisi, Dairy Milk, ambayo hadi leo ni moja ya zinazojulikana zaidi katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo. Cadbury walikuwa watu wa dhehebu la Quaker, dhehebu lililopigana na utumwa kwa vizazi, na sehemu kubwa ya kakao yao ilitoka São Tomé. Habari walikuwa nazo tangu 1901, William Cadbury alipopata tangazo la shamba linalouzwa kisiwani ambamo vibarua walihesabiwa pamoja na mali nyingine. Walituma mchunguzi, Joseph Burtt, akakaa huko muda mrefu, akarudi na habari ileile. Ilifika Machi 1909 ndipo Cadbury na wenzao Fry na Rowntree walipoacha kununua kakao ya São Tomé na kuelekeza fedha zao Gold Coast, Ghana ya leo. Cadbury walikuwa wamelishtaki gazeti la Standard kwa kuwachafulia jina, na kesi ilisikilizwa mwishoni mwa mwaka huo. Baraza la mahakama la Birmingham liliwapa ushindi na fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni.

Nimeyasoma maelezo ya kesi ile kwa namna tofauti tofauti, na kila mara nabaki na miaka minane. Kati ya tangazo la 1901 na uamuzi wa 1909 watoto wa Uingereza walikula chokoleti laini kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Nami nikishika kipande leo, naona ni haki ya mtu aliyetoka bara, aliyepita Nchi ya Njaa na miguu yake, atajwe pale Peter na Lindt wanapotajwa. Jina lake hatunalo. Njia yake tunayo.

Na njia hiyo ilipata reli. Mskoti Robert Williams, mwenye kampuni ya Tanganyika Concessions, alipata kibali mwaka 1902 cha kujenga reli kutoka Lobito, jirani ya Benguela, kupanda nyanda za Bihé na kwenda kuifikia shaba ya Katanga. Ilichukua karibu miaka thelathini. Mwaka 1931 ndipo reli hiyo ilipoungana na ile ya Kongo. Mtu wa kampuni ya Williams, Robert Sharp, ndiye aliyegundua madini ya Shinkolobwe mwaka 1915, mawe mazito yenye rangi za manjano, kijani na machungwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuyachimba mwaka 1921. Walichokitafuta wakati huo kilikuwa radiamu. Urani ilihesabiwa kama makapi. Mawe yalichambuliwa kwa mikono ya wafanyakazi, mikono mitupu, yakapelekwa Olen nchini Ubelgiji, na kuanzia 1922 Ubelgiji ikawa mtawala wa soko la radiamu duniani.

Hapa chokoleti inarudi, kwa mlango ambao sikuutarajia. Radiamu iliuzwa hospitalini kwa tiba ya saratani, lakini pia iliuzwa kwa watu wazima wenye afya kama nguvu na ujana. Iliwekwa kwenye maji ya kunywa, kwenye dawa ya meno, kwenye mafuta ya uso. Na kuanzia 1931 hadi 1936, kampuni ya Burk & Braun ya Cottbus, Ujerumani, iliuza chokoleti yenye radiamu, ikitangazwa kwamba inarudisha ujana mwilini. Radiamu pia ilichimbwa Joachimsthal, karibu zaidi na Wajerumani, lakini bei na wingi wake duniani vilishikwa na shimo la hapa. Mwezi Machi 1932 tajiri Mmarekani Eben Byers, aliyekuwa amekunywa chupa nyingi mno za maji ya radiamu, alikufa mifupa ya taya ikiwa imemomonyoka. Biashara ile ikaanza kuporomoka. Nawawaza Wajerumani wale wakivunja kipande, wakikiweka ulimini, wakisubiri ujana. Mwili unapokea utamu kwa imani kamili. Ndiyo nguvu ya chokoleti, na ndiyo sababu kilichomo ndani yake ni jambo zito.

Yaliyofuata Shinkolobwe yameandikwa kwingi, kwa hiyo nitayapita haraka. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za madini ya hapa, kwa reli hiyohiyo ya magharibi hadi Lobito na kwa meli hadi New York, yakafichwa kwenye ghala la Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Mgodi, uliokuwa umefungwa, ukafunguliwa upya, na urani ya Shinkolobwe ikawa sehemu kubwa ya ile iliyoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1960 mashimo yalizibwa kwa zege. Wachimbaji wadogo walirudi baadaye kutafuta kobalti, serikali ikapiga marufuku mwezi Januari 2004, na mwezi Julai mwaka huo ardhi ikaporomoka na kuua watu. Leo hakuna ruhusa ya kuingia.

Jambo moja la miaka ya vita linahusu joto, na mtu wa Likasi atalielewa. Mwaka 1937 jeshi la Marekani liliiendea kampuni ya Hershey, iliyokuwa ikiuza chokoleti ya maziwa tangu 1900, likaomba kipande cha gramu 113 kinachobeba nguvu nyingi, kisichoyeyuka mfukoni mwa askari, na chenye ladha nzuri kidogo tu kuliko kiazi kilichochemshwa, ili askari asikile kwa tamaa kabla ya shida. Wakapunguza sukari na kuongeza unga wa oti. Mwaka 1943 walitoa kingine cha nchi za joto, kinachovumilia nyuzi 49 kwa saa nzima. Ndiyo kusema wataalamu waliweza kuifanya chokoleti isiyeyuke. Wakati huohuo ilikoma kuwa chokoleti, kwa sababu raha yake yote iko katika kuyeyuka. Askari waliichukia. Mimi nipe kilichopauka cha Likasi.

Kuhusu raha yenyewe, nina maoni na sitayaficha. Watu wengi hutafuna chokoleti kama wanavyotafuna karanga, na hapo nusu ya kazi ya Peter na Lindt inapotea. Wakati mzuri Likasi ni Juni na Julai. Mji uko juu, mita 1,300 hivi, na asubuhi za miezi hiyo ni za kuvaa sweta. Chokoleti inakuwa imara, ukivunja unasikia mlio. Weka kipande ulimini, funga mdomo, usitafune. Kigandamize taratibu kwenye kaakaa. Kwa sekunde chache hakuna kinachotokea, kisha kingo zinalegea, na unasikia ubaridi mdogo, kwa kuwa mafuta yanapoyeyuka yanachukua joto la ulimi. Ubaridi huo ndio dalili ya chokoleti iliyotengenezwa vizuri. Ladha nazo hutofautiana kwa nchi, na chanzo chake ni namna ya kukausha maziwa. Waingereza huyachemsha maziwa na sukari na kakao pamoja hadi yawe makavu, ndipo hupata ile ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Chokoleti ya Hershey ina uchachu ambao Wamarekani wanaupenda na watu wa Ulaya wanaushangaa. Wabelgiji, waliopokea kakao ya Mayombe kutoka upande wa pili wa Kongo, walijijengea sifa ya chokoleti za kujazwa ndani baada ya Jean Neuhaus kuanzisha mtindo huo Brussels mwaka 1912.

Katanga yenyewe haioti kakao. Kiangazi ni kirefu mno, karibu nusu mwaka, na mti ule unataka mvua na kivuli. Maziwa nayo yalikuwa shida kwa sababu ya mbung'o. Kampuni ya Elakat iliundwa miaka ya 1920 ili kuwalisha watu wa migodi nyama, na ng'ombe waliletwa kwa gharama kubwa. Kwa kakao ya Kongo lazima uende kaskazini, Beni na Mambasa, ambako wakulima hupasua matunda kwa panga, huzifunika mbegu na majani ya migomba kwa siku tano au sita zichachuke, kama sisi tunavyovundika ndizi, ndipo huzianika. Pasipo kuvundikwa hakuna harufu ya chokoleti, hata ukiwa na mashine zote za Uswisi. Wakulima hao wameuawa mashambani mwao na wapiganaji wa ADF, mavuno yameibwa, na mbegu nyingi zimevuka kwenda Uganda na kuuzwa kama za huko. Mwezi Desemba 2024 bei ya kakao New York ilipita dola 12,000 kwa tani, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Shamba likawa dhahabu, na dhahabu huita bunduki.

Hata hivyo Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, kuna kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga. Fundi wa chokoleti Mbelgiji, Dominique Persoone wa Bruges, alikwenda kuwafundisha vijana wa hapo. Kakao inavundikwa, inachomwa, inasagwa na kugandishwa bila kuondoka wilayani. Kwa karne nzima kakao ya Kongo ilikwenda Antwerp ikiwa mbegu kavu. Mtoto wa Mutwanga anaweza sasa kunusa ikichomwa.

Na maziwa je? Kusini ya hapo, katika vilima vya Masisi juu ya Goma, wafugaji hutengeneza jibini lililojulikana hadi Kinshasa. Ng'ombe wapo na nyasi ni za kijani mwaka mzima. Kutoka Masisi hadi Mutwanga ni safari ambayo lori zima, wakati wa amani, lingeimaliza kwa siku moja au mbili. Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23, na barabara ya kaskazini imekatwa na mstari wa vita. Kakao iko upande mmoja, maziwa upande mwingine.

Pale dukani Likasi, karatasi ya kipande changu ilikuwa na orodha ya vilivyomo, na nilimsomea mama mwenye duka: sukari, siagi ya kakao, maziwa ya unga, kakao. Akauliza maziwa ya wapi. Karatasi haikusema. Nikamvunjia nusu, nikamwomba asitafune, aache tu. Alifumba macho. Mteja akaja na noti mkononi, mama akamwonyesha kwa kidole asubiri. Ilipokwisha aliupitisha ulimi kwenye meno, akafikiri.

"Kakao njo inatangulia," alisema. "Maziwa inakuya nyuma."